Basi Linaloondoka Tupu

Songea, Jumapili mchana

Mwanangu Skola,

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Ile misa ya asubuhi niliyokuwa nakwenda kila siku ulipokuwa Tunduru kwa mama yako, sikuwa nakwenda. Kanisani niliingia, hilo ni kweli. Nilipiga goti, nikasali Salamu Maria moja ya harakaharaka, kisha nikatokea mlango wa pembeni na kwenda stendi kupanda basi la baba yangu, babu yako. Nilikwenda nalo hadi Matogoro na kurudi nalo. Sikuwa na safari yoyote. Nilibeba kikapu kilichofunikwa kitambaa, na ndani ya kikapu hamkuwa na kitu. Nilikuwa abiria wa uongo.

Najua hapo umeshacheka mpaka jirani yako kwenye siti amekugeukia. Cheka tu. Ndiyo maana bahasha nimeiandika “Usifungue kabla ya Makambako”. Nilitaka uwe njiani kwenda Dar, mbali, nisikuone unavyocheka.

Naandika sasa hivi kwa sababu umekwenda Matarawe kuwaaga shangazi zako, na ninavyokujua hutarudi mpaka umekula kwa kila mmoja. Nyumba imetulia. Mama amelala, Baba yuko nje anaosha basi na mvua inamsaidia. Habari za kufunga begi, za kula na za kuvaa sweta mpaka upite Njombe, umeshaambiwa na kila mtu, mimi naziruka. Nataka kukuambia kitu kingine, na kwa mdomo nisingekiweza. Unajua mimi na mdomo.

Tena naandika kama mama. Usikunje uso. Umenizidi umri, urefu na maneno, lakini mama yako ni dada yangu wa tumbo moja, na kwa mila zetu mimi ni mama yako mdogo, hakuna wa kulibadilisha. Nakumbuka tulipokuwa shule ya msingi, ulikuwa unanibeba mgongoni kuvuka mfereji kwa sababu niliogopa maji. Ukinitua ng'ambo unapiga goti kabisa mbele ya wenzako: “Shikamoo, mama mdogo.” Wao wanaanguka kwa kicheko, na mimi naitikia “Marahaba, mwanangu” kwa sauti ambayo ni mimi peke yangu niliyeisikia. Leo naitikia kwa sauti kubwa, ndani ya barua.

Wiki iliyopita, ilipokuja habari kwamba umepata nafasi ya kusomea mambo ya usafirishaji Dar es Salaam, ulisimama katikati ya sebule ukatuhutubia. Ulisema huko mjini wanazungumza habari za mabasi makubwa yatakayopewa njia yao peke yao, yenye vituo vyake na saa zake, na hayatamsubiri mtu. Ulisema wewe utakuwa mmoja wa watakaoyaleta. Babu yako akauliza, “Na wenye vipanya, hivi vibasi vidogo, watakwenda wapi?” Ukamjibu, “Babu, hayo ni maendeleo, watajipanga.” Watu wote wakapiga makofi, na mimi nilipiga. Lakini nilikaa na neno lako hilo, watajipanga, kwa sababu sisi hapa Songea tulilijaribu jambo dogo la namna hiyo, na mimi nilikuwa ndani yake, kwenye siti ya tatu, dirishani.

Baada ya wewe kuondoka kwenda Tunduru, mtihani wa kidato cha nne ulipokwisha, Baba alipata hali mbaya ya mgongo. Hukuiona, kwa sababu kwenye barua zetu tulikuwa tunakuandikia “hatujambo”. Ile barabara ya kwenu unaijua mwenyewe. Masika yaliyopita basi lake lilizama kwenye tope, na yeye na konda wakalala chini ya gari mpaka trekta lilipopatikana. Aliporudi hakuweza kuinama kufunga viatu. Mama akamwambia, “Safari nyingine ukienda Tunduru beba na mkeka na sufuria, maana utakuwa umehamia.” Alisema kama utani, lakini jikoni nilimkuta analia.

Kwa hiyo ulipokuja mpango wa mabasi ya mjini, sisi nyumbani hatukuuona kama mpango wa mabasi. Tuliuona kama mgongo wa Baba. Mpango wenyewe ulikuwa huu. Tangu lile shirika la mabasi la mkoa lilipokufa na biashara kuachiwa watu binafsi, kila mwenye gari alikuwa anapita anakotaka na kuondoka akijaza. Wenye mabasi makubwa wanne walikubaliana kuungana: njia moja, tiketi moja, zamu kwa zamu, na basi liondoke kwa saa yake hata likiwa tupu. Walipewa ruhusa ya majaribio mpaka mvua za kwanza. Ikionekana watu wanapanda, ruhusa inaendelea. Wasipopanda, kila mtu arudi alikotoka. Na Baba alikotoka ni barabara ya Tunduru.

Vikao vilifanyika sebuleni kwetu, kwa sababu chai ya Mama inajulikana. Mimi ndiye niliyeimimina, kwa hiyo nilisikia yote. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Rajabu, yule Myao mwenye mabasi mawili, ambaye hawezi kusema maneno matatu bila la nne kuwa mzaha. Na kutoka serikalini alikuja mama mmoja afisa usafirishaji, mnene, mchangamfu, anayejifuta jasho hata wakati wa baridi. Anaitwa Mama Kandida. Watu hao, Skola, hawakuwa wabaya. Nilikuwa nadhani mambo yanakwama kwa sababu kuna mtu mbaya mahali fulani. Nilimtafuta mtu huyo kikao baada ya kikao na sikumwona.

Asubuhi ya kwanza nilikwenda stendi kutazama. Basi la Baba limeoshwa, limefungwa maua ya karatasi mbele. Dereva alikuwa Baba mwenyewe. Ndani ameketi Mama Kandida peke yake, anapunga mkono kama bibi harusi. Watu walikuwa wengi kituoni, wauguzi, wanafunzi, akina mama wa sokoni. Hakuna aliyepanda. Bibi mmoja aliyetoka Lusewa, ana kuku wake kwenye kapu, alichungulia mlangoni, akatikisa kichwa.

“Hili bado sana,” akamwambia mwenzake. “Hata mtu hamna. Litaondoka jua likiwa utosini.”

Akaenda kupanda kipanya cha pembeni kilichoonekana kimebakiza nafasi moja. Wewe na mimi tunajua kilivyojaa. Wapiga debe walikuwa wamekalia viti, mmoja anasoma gazeti la mwezi uliopita, mwingine amempakata mtoto wa muuza karanga. Yule bibi akishakaa, wa gazeti anashuka kununua sigara, wa mtoto anakumbuka amesahau kitu, na kipanya kinabaki na bibi na kuku wake. Watu wote wa Songea wameshafanyiwa hivyo, na kesho wanapanda tena. Tumezoeshwa hivi: gari tupu ni gari la kukaa.

Saa mbili Baba akawasha, akaondoka. Stendi nzima ikapiga mayowe. “Limekimbia abiria! Mzee kaiba basi lake mwenyewe!” Aliyecheka zaidi ni mkubwa wa wapiga debe, yule wanayemwita Bakuli, alishika kabisa nguzo asianguke.

Jioni kikao kikawa kirefu. Hoja ilikuwa moja tu: nani atawaambia watu kwamba basi hili halisubiri kujaa?

“Wekeni kibao kituoni,” alisema Baba. “Kiandikwe saa.”

“Kibao kimeshaandikwa, mzee wangu,” alisema Mama Kandida. “Kizuri, cha bluu. Kiko nyuma ya mlango wa ofisi yangu.”

“Sasa kinangoja nini?”

“Shimo.”

“Shimo gani?”

“La kukisimika. Pembeni ya barabara ni mali ya watu wa barabara. Nimekwenda kwao, wanasema saa za mabasi ni mambo ya leseni. Nimekwenda kwa watu wa leseni, wanasema wao wanatoa karatasi, hawachimbi. Trafiki wanasema kikisimama bila kibali watakiondoa. Wazee wangu, mabasi yapo, dereva yupo, kibao kipo. Kinachonishinda ni kujua shimo ni la idara gani.”

Mzee Rajabu akaweka kikombe chini. “Mimi nina jembe nyumbani.”

“Ukichimba wewe utakamatwa, Mzee Rajabu.”

“Nikikamatwa angalau nitajua shimo ni la nani. Yule atakayekuja kunishika ndiye mwenye shimo.”

Tulicheka mpaka Mama akaja kutoka jikoni kuuliza kuna nini. Lakini walipoondoka, Baba alibaki ameketi, anautazama mlango, anajipapasa kiuno. Kesho yake ndipo nilipochukua kikapu.

Sikulifikiria sana. Niliwaza tu kwamba kama watu wanaogopa basi tupu, basi lisiwe tupu. Nilivaa kanga ya Mama, nikajifunga kilemba, nikakaa siti ya tatu dirishani, nikimwomba Mungu Baba asitazame kwenye kioo. Hakutazama. Yeye akiendesha anatazama mbele tu, unamjua. Konda alikuwa mgeni, kijana wa Madaba, hakunifahamu, nauli nilimpa kama mtu yeyote. Na mwanangu, ilifanya kazi! Mwalimu mmoja alichungulia, akaniona, akapanda. Mwingine akamwona mwalimu, akapanda. Wiki ya pili tulikuwa tunaondoka nusu ya viti vikiwa na watu. Kila siku nilibadili kanga. Nyumbani Mama alishaanza kuwaambia majirani kwamba Batlida ameitwa, atakuwa sista, haachi misa. Katekista akanisimamisha njiani, akaniuliza ni shirika gani la masista linalonivutia. Nilimwambia bado nasali.

Baba alirudi jioni anaimba. Alikuwa anasema, “Watu wameanza kuelewa saa,” na mimi nikimwekea ugali na mboga ya likolo nilijisikia kama niliyeubeba mgongo wake mimi mwenyewe. Nilijiona mwerevu kuliko kamati nzima. Wao wanne na afisa wao wameshindwa, mimi na kikapu tumeweza, tena bila kusema neno. Hilo la bila kusema neno ndilo lililonifurahisha zaidi.

Kisha nikashikwa na malaria.

Nililala kitandani siku kadhaa. Siku ya kwanza Baba alirudi kimya, akaja kukaa ukingoni mwa kitanda changu, akanishika paji la uso. “Pole, Bati,” akasema. Halafu, kama anayeongea na ukuta, “Sijui watu wamekuwaje leo. Nimekwenda na wawili.” Siku iliyofuata alikwenda na konda tu.

Nilijigeuzia ukutani. Homa ilikuwa kali, lakini kilichoniumiza ni hesabu nyingine. Nilielewa kwamba watu hawakuwa wamejifunza chochote. Hawakuamini saa, waliamini kilemba changu. Nilikuwa nimewafanyia kilekile anachowafanyia Bakuli, ila kwa adabu. Mpango mzima wa mji, na leseni zake na tiketi zake, ulikuwa umekalia siti moja na msichana mmoja, na msichana ameugua.

Hili ndilo ninalotaka uende nalo. Huko utakuta watu wanaohangaika usiku na mchana kubeba jambo mabegani, na kwa sababu yao litaonekana linakwenda. Utawapenda, nami nawapenda. Lakini siku moja jiulize wakishikwa na malaria inakuwaje.

Nilipopona nilirudi stendi na kikapu changu, sikujua la kufanya jingine. Sikufika mlangoni. Bakuli alinisimamia mbele.

“Habari ya misa, dada?”

Kumbe alikuwa ananiona nikitokea kanisani, nikataka kumpita.

“Nakuuliza wewe wa kikapu. Umeadimika. Nikasema labda kampuni imekufukuza.”

“Sina kampuni,” nikasema.

“Wacha wee! Binti, mimi nimekalia viti vya watu tangu ujana wangu. Mwenzangu namjua kwa kukaa tu. Wewe unakaa vibaya. Abiria wa kweli hatazami mawingu dirishani, anatazama mlango, ananuna, anauliza tunaondoka lini. Na kikapu weka hata nyanya mbili! Basi likiruka kwenye korongo kikapu chako kinaruka kama kofia.”

Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka. Nikamuuliza kwa sauti ndogo kama atamwambia Baba.

“Nimwambie ili iweje? Mimi nasubiri basi lenu life, basi. Gari likijaa napata changu. Basi lisilosubiri kujaa linanihitaji mimi kwa lipi? Wamekaa kwenu wanakunywa chai miezi, kuna aliyeniita? Hata kusema ‘Bakuli, tunakuua, karibu chai’?”

Ni kweli, kwenye vikao vyote sikuwahi kusikia jina lake ila likitajwa kama la mbu. Nilisimama pale nikipindapinda kitambaa cha kikapu, na hapohapo nikasema sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia mwanaume asiye ndugu yangu.

“Lakini kaka Bakuli, wewe kila siku unapiga kelele ‘linaondoka, linaondoka’, na haliondoki. Ukipiga kelele hizohizo kwenye hili, litaondoka kweli.”

Alinitazama. Akalitazama basi la Baba. Kisha akaanza kucheka polepole, akacheka mpaka akachuchumaa. “Jamani,” akawaita wenzake, “huyu mtoto anataka nianze kusema kweli! Uzee huu!”

Alicheka, lakini hakusema hapana. Nami nilirudi nyumbani nikijua kwamba kilichobaki ni kikao cha Jumamosi, na kwamba pale lazima mtu aseme, na kwamba mtu huyo hawezi kuwa kikapu.

Skola, wewe hujui hofu ya kusema mbele ya watu. Ulizaliwa unahutubia. Mimi siku ile nilimimina chai mpaka ikafurika kwenye sahani ya Mzee Rajabu. Walikuwa wanazungumza habari ya kurudisha ruhusa mapema, kabla ya aibu zaidi. Baba alisema yuko tayari, ataanza kutengeneza springi kwa ajili ya Tunduru. Alilisema taratibu, kama anayesema ataenda dukani. Hapo nikaweka birika mezani.

“Bakuli hajaitwa,” nikasema.

Mzee Rajabu akageuka kushoto na kulia. “Nani kasema? Birika?”

“Bakuli na wenzake hawajaitwa,” nikarudia. “Wao ndio wanaosikika pale. Wapewe chao kila basi linapoondoka, si linapojaa. Watatangaza saa.”

“Loo! Fidelis, binti yako ana sauti!” Mzee Rajabu akamwambia Baba. “Miaka yote nimekunywa chai hapa nikidhani ni bubu, wallahi, nilikuwa namwombea dua.”

Baba alikasirika. “Yule muongo? Kwenye basi langu?”

“Na umshangae nini?” alisema Mama Kandida, na leso yake ilikuwa imesimama hewani, amesahau kujifuta. “Kibao changu kimekosa shimo tangu lini? Huyu ni kibao chenye miguu. Hahitaji kuchimbiwa. Na kumruhusu mtu atangaze ndani ya stendi, hiyo ni saini yangu mwenyewe, sihitaji kwenda kwa mtu.” Akacheka kwa furaha ya kweli. “Wazee wangu, nimepata kitu kimoja ambacho ni cha idara yangu!”

Haikuisha siku hiyo. Baba alinuna. Wenye vipanya walituma ujumbe kwamba wamesalitiwa, na ilibidi nao waitwe chai, wakapewa njia za pembeni ambazo mabasi makubwa hayawezi kupita, wakagombana siku mbili nani apate ya Mfaranyaki. Bakuli alikuja na wenzake, akakataa kukaa kwenye kiti, akasema viti vinamkumbusha kazi. Walibishana kuhusu kila kitu. Mzee Rajabu akamaliza kwa kusema, “Inshallah tumempa mtu huyu kazi ya kusema kweli. Tumwombee, maana haijui.”

Kosa langu ndilo hilo, mwanangu, na nimelifikiria sana. Niliona heri kupanda basi nisilolihitaji wiki baada ya wiki, nidanganye kanisani, nidanganye nyumbani, kuliko kusema maneno mawili sebuleni kwetu. Nilijiita mnyenyekevu. Nilikuwa mwoga tu. Kosa lako likija, nadhani litakuwa kinyume cha langu. Utasema haraka, vizuri sana, na watu watapiga makofi kama tulivyopiga wiki iliyopita, na huenda usigundue nani hayumo chumbani. Sikukemei. Nilipiga makofi na mimi.

Asubuhi ya mwisho ya majaribio walikuja watu wa ofisi zote kutazama, wa leseni, wa barabara, wa trafiki, kila mmoja amesimama mbali kidogo na mwenzake. Mawingu yalikuwa yamefunika kilele cha Matogoro. Na mimi nilikuja na kikapu, safari hii kina nyanya ndani, kwa maana Bakuli alinishauri. Nilisimama kwa wauza vitumbua. Basi la Baba lilikuwa na watu watatu tu na zilibaki dakika chache.

Miguu yangu ilitaka kwenda. Nakuambia kweli, ilikwenda hatua chache. Niliuona mgongo wa Baba kwenye usukani, umenyooka kwa makusudi, kama mtu anayepigwa picha. Nikipanda, nitawaita wengine. Nisipopanda, na wengine wasipopanda, kesho anafunga springi. Nikanunua kitumbua. Nikakishika kwa mikono miwili ili nisiende.

Bakuli alipanda juu ya tofali. “Saa mbili linaondoka! Likiwa na watu, likiwa na kuku, likiwa na hewa tupu, linaondoka! Mimi Bakuli nimewadanganya maisha yenu yote, leo nasema kweli, njooni mshuhudie!”

Watu walicheka. Walisogea, lakini kutazama. Mama mmoja aliendelea kupatana bei ya dagaa. Muuguzi akaendelea kunywa uji. Saa mbili ikafika, na Baba, babu yako, ambaye hajawahi kumwacha hata mbuzi njiani, akatia gia na kuondoka.

Kwanza watu walilitazama likisogea. Kisha muuguzi akatupa kikombe kwa muuza uji na kukimbia. “Wewe! Simama! Nina zamu!” Mama wa dagaa akakimbia na dagaa ambao hajalipia, na mwenye dagaa akakimbia nyuma yake. Wanafunzi wakakimbia. Mwalimu yuleyule wa wiki zile za mwanzo akakimbia ameshika miwani. Baba hakusimama mpaka kituo cha pili, ndivyo sheria yao ilivyo, na kundi zima likamfuata mpaka huko, wengine wanacheka, wengine wanatukana, vumbi mpaka magotini. Mtu wa trafiki alisimamisha magari mengine ili wapite, bila mtu kumwambia ni kazi ya idara gani. Tangu nizaliwe, Skola, sikuwahi kuona watu wa Songea wakikimbilia basi lenye viti vitupu.

Nilibaki na kitumbua changu, kimevunjika vipandevipande mikononi. Bakuli alishuka kwenye tofali, akanipita bila kunitazama, kama watu wa kazi moja wasiojuana. Akasema tu kwa pembe ya mdomo, “Sasa hivyo ndivyo mtu anavyosimama.”

Ruhusa iliongezwa mpaka mvua ziishe, si zaidi. Kutakuwa na vikao vingine, na chai nyingine. Kibao bado kiko nyuma ya mlango. Mabasi mengine siku nyingine yanachelewa, na watu sasa wana hasira nayo, wanasema, “Si mlisema saa mbili?” Mama Kandida anasema hasira hiyo ni nzuri kuliko kibao. Na mvua inanyesha, barabara ya kwenu imeshakuwa tope, na Baba hayuko huko. Yuko hapo nje, namsikia kupitia dirishani, anasugua matairi na kumwambia jirani kwa sauti ya juu habari anayowaambia watu wote siku hizi, kwamba watu wa Songea wana akili, kwamba wiki zile za mwanzo walianza kupanda wenyewe, hakuna aliyewashawishi, walilipenda tu basi lake.

Nimeinama mezani nacheka peke yangu. Mwache aendelee kuamini hivyo, mwanangu. Asijue hata Mama, hata mama yako, hata wale marafiki zako unaowaambia “usimwambie mtu” kisha unawaambia. Barua hii ikishafika Makambako ikunje, uifiche vizuri. Ukiwa likizo na akaanza kukusimulia wewe habari ya wale abiria wake wa kwanza, hasa yule mama mmoja mcha Mungu wa siti ya tatu, ambaye kwa maneno ya konda alikuwa hakosi na anasali njia nzima, na ambaye anamtafuta mpaka leo amshukuru, usinitazame. Tafadhali sana, Skola, utazame ugali wako.

Mama yako mdogo,
Batlida